Treni Chini ya Mti wa Krismasi

Sikukuu ya Shukrani ikishapita, Alhamisi ya nne ya Novemba, maboksi huanza kushushwa kutoka darini katika nyumba nyingi za Marekani. Katika baadhi yake, ndani ya magazeti yaliyogeuka manjano, mna kichwa cha treni cha chuma, mabehewa matatu manne, vipande vya reli na transfoma nyeusi nzito. Siku ya Krismasi watoto watalala kifudifudi sakafuni kuitazama treni hiyo ikizunguka mti. Watafurahi, na ni haki yao. Ila mimi ninayemstahi zaidi ni yule aliyekaa mezani jioni nyingi kabla ya hapo, taa imeinamishwa, kitambaa mkononi, akiiandaa mashine iliyokaa bila kazi tangu Januari.

Desturi yenyewe imeitangulia treni. Wamoravian, hao hao waliofika Rungwe mwaka 1891 na kuanzisha misheni tunayoijua kusini mwa Tanzania, walikuwa wameuanzisha mji wa Bethlehem, Pennsylvania, tangu 1741. Katika nyumba zao za Pennsylvania walizoea kupanga mandhari ya kuzaliwa kwa Yesu kwa mbao, mawe na sanamu ndogo. Mpango huo wanauita putz. Miaka ilivyokwenda, chini ya miti ya Krismasi ya Wamarekani wengi pakaongezeka nyumba, vilima, vidimbwi vya vioo, na mwisho reli. Ujerumani nako, mwaka huo huo wa 1891, kampuni ya Märklin ya Göppingen ilipeleka kwenye maonyesho ya Leipzig treni za kuchezea zenye reli za vipimo maalumu, ambazo mnunuzi angeweza kuziongezea vipande kadiri alivyojaliwa. Naamini huo ndio ufundi uliolifunga jambo hili na Krismasi, kwa sababu zawadi ya mwaka huu huunganishwa na ya mwaka jana. Kisha New York, mwaka 1901, Joshua Lionel Cowen akatengeneza behewa la wazi lenye mota, la kuzungushia bidhaa kwenye dirisha la duka ili wapita njia wasimame watazame. Wateja wakataka kulinunua behewa lenyewe. Ndivyo kampuni ya Lionel ilivyoingia kwenye biashara ya treni.

Treni za Lionel za zamani hupita juu ya reli tatu. Ya katikati huleta umeme, mbili za pembeni huurudisha. Chini ya tumbo la injini mna vigurudumu vidogo vinavyobonyea kwa springi na kuigusa reli ya kati. Mwendo, taa na filimbi vyote vinategemea mguso huo, na mahali panapogusana ni padogo mno. Kutu kidogo, utando wa mafuta yaliyoganda, vumbi la mwaka mzima, basi treni itashtuka-shtuka, taa zitachezacheza, itasimama. Kazi nzima ya maandalizi ni kuusafishia umeme njia, kutoka ukutani hadi ndani ya mota na kurudi.

Fundi huanza na reli, nazo hazina njia ya mkato. Kila kipande kinashikwa mkononi, kinapanguswa juu kwa kitambaa cha pamba kilicholowa spiriti, transfoma ikiwa imechomolewa. Kitambaa kinatoka na mistari mitatu myeusi. Anageuza upande msafi, anarudia, mpaka mistari ipotee. Penye kutu anatumia kipande cha sponji ngumu ya jikoni, tena kwa mkono mwepesi, maana reli hizi ni bati la chuma lililopakwa madini ya stani na tabaka hilo likikwanguliwa kutu itarudi kwa kasi. Sufi ya chuma, ile ya kusugulia sufuria, haikaribishwi kabisa. Nyuzi zake humeguka, sumaku ya mota huzivuta, zikishaingia ndani husababisha shoti. Halafu anakagua vijiti vya chuma vinavyounganisha kipande na kipande. Kijiti kikicheza, hukibana kwa koleo, kidogo sana, akijaribu baada ya kila mbano. Akizidisha, mdomo wa reli umepinda na kipande hakitalingana tena na mwenzake.

Kinachofuata ni injini yenyewe, na hapa subira huonekana wazi. Anaipindua juu ya taulo iliyokunjwa. Magurudumu yana ukoko mweusi, mchanganyiko wa mafuta, vumbi na masizi ya cheche, ambao umeshikamana kiasi kwamba pamba haiuondoi. Anaukwangua kwa njiti ya mti, kwa sababu chuma kingeacha mikwaruzo ambayo uchafu wa mwakani ungejificha ndani yake. Anafungua kifuniko cha mota na kutoa brashi mbili za kaboni, anatazama kama zimeisha. Chini ya brashi hizo kuna kisahani cha shaba kilichogawanywa vipande vitatu, nacho kimekuwa cheusi. Anakipangusa kwa spiriti hadi rangi ya shaba itokeze, kisha anapitisha ncha ya kijiti cha meno katika mianya mitatu iliyo kati ya vipande. Katika mianya hiyo hujaa unga wa kaboni, na unga huo hupitisha umeme mahali usipotakiwa kupita. Mwanya mmoja tu ukisahauliwa, mota itapata joto na kukosa nguvu, na mtu anaweza kuhangaika wiki nzima akidhani transfoma ndiyo mbovu.

Mafuta hutiwa tone moja kwenye kila ekseli, kwa ncha ya sindano, na grisi kidogo kwenye meno ya gia baada ya ile ya zamani iliyoganda kuondolewa. Wageni wa kazi hii hufikiri kuongeza ni kuhudumia vizuri. Mafuta yakizidi hudondokea relini, magurudumu yanateleza, vumbi linanasa, na usafi wote wa jioni zilizopita umekwenda bure. Mtu mwenye kichupa cha mafuta mkononi akajizuia kwenye tone la kwanza, huyo namwita fundi.

Kutandaza reli hakuna mengi: vipande nane vilivyopinda hufanya duara lenye kipenyo cha karibu sentimita 79, na vilivyonyooka hulirefusha. Lakini jaribio la kwanza ni somo. Ukiwasha, injini huvuma kwanza mahali pamoja. Ndani mna swichi inayobadili zamu kila umeme ukikatwa na kurudi: mbele, simama, nyuma, simama. Kisha inaondoka, na hapo fundi hunyamaza akisikiliza. Treni ikikimbia karibu na waya wa transfoma na kuchoka ikifika nyuma ya mti, hasemi injini imezeeka. Anajua umeme unapotea kwenye maungio, kila kijiti kikila kidogo chake. Anatafuta kijiti kilicholegea, au anavuta waya wa pili mpaka upande wa mbali wa duara. Mwendo unalingana.

Mti nao una vituko vyake. Majani yake makavu hudondokea relini, na utomvu hunata. Nyuzi za urembo zinazong'aa, kama ni za metali, zikianguka juu ya reli ya kati na ya pembeni huleta shoti papo hapo. Maji ya kumwagilia mti mbichi yasikaribie transfoma hata kidogo. Waliozoea huzipanga nyuzi hizo matawi ya juu tu, au huziacha kabisa.

Huko Baltimore kazi hii imetoka majumbani. Vipo vituo vya zimamoto ambavyo askari wake hujenga bustani za treni, zenye mitaa, madaraja na vilima, raia wakaja na watoto wao kutazama. Nafurahi kwamba jambo lenye subira kiasi hiki lina watazamaji. Na ningependa mtazamaji mmoja mmoja ainame aangalie magurudumu yalivyo safi.

Msomaji uliyeletewa seti ya namna hii na ndugu kutoka Marekani, usiichomeke ukutani kwa pupa. Kagua kwanza waya wa transfoma urefu wake wote. Raba ya zamani hupasuka ukiikunja. Ukiona ufa hata mmoja, mpe fundi umeme abadilishe waya na plagi. Pili, transfoma hiyo ilitengenezwa kwa umeme wa volti 120, na wa kwetu ni 230 hadi 240. Ukiichomeka hivyo hivyo itaungua. Tafuta mashine ya kushusha umeme inayoubeba mzigo wake, ndipo uanze na kitambaa na spiriti.