Aya Iliyofutwa Kalangalala

Kosa limo katika aya ya pili, na yeyote aliyeisoma barua ya dhamira ya yule kijana wa Kalangalala katika sura yake ya kwanza na kisha katika sura yake ya mwisho, kama tulivyoisoma wengi wetu hapa Geita maadam mwenyewe aliisambaza akitafuta rai, amekwisha kuliona bila ya kuonyeshwa. Alikuwa anaomba ufadhili wa masomo wa DAAD, lile shirika la Kijerumani, katika mpango wake wa EPOS, akasome uzamili wa uchumi wa mazingira Ujerumani, alikuwa na aya moja yenye thamani kuliko vyeti vyake vyote, akaifuta.

Mengine yanayotakiwa na mpango huo aliyafanya sawasawa. Miaka miwili ya kazi imetimia, shahada yake ya kwanza haijapindukia miaka sita, na barua haikuzidi kurasa mbili.

Sasa na tuitazame aya yenyewe. Katika sura ya kwanza alieleza bayana kwamba yeye ni karani wa karasha, ahesabuye viroba vya mawe viingiavyo kusagwa na kuandika daftarini nani anadaiwa nini. Kwamba mchimbaji mdogo, akisha kuosha unga wake kwenye mwalo, huukanda na zebaki, akakamua kwa kitambaa mpaka kikabaki kidonge cha rangi ya fedha, kisha akakichoma juu ya makaa, mahali pa wazi, zebaki ikapaa na dhahabu ikasalia. Na kwamba marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, ambayo aghalabu yangali na dhahabu nyingi kuliko ile aliyoondoka nayo mchimbaji, humbakia mwenye karasha, naye huyapeleka kwenye mitambo ya sianidi. Kisha akasema jambo ambalo laiti ningalilisema mimi: kwamba katika daftari lake dizeli ina safu yake, maji yana safu yake, hata chai ya walinzi ina safu yake, illa ule moshi.

Huo ndio uchumi wa mazingira, wala hakuna mwingine. Mwanauchumi Pigou alipochapisha kitabu chake juu ya uchumi wa ustawi mwaka 1920, moja ya hoja alizozijenga ni hii hii, ya hasara inayomwangukia mtu asiyekuwemo katika biashara na ambayo bei haiitaji. Wanafunzi wa vyuo vikuu huikariri bila ya kuwahi kuiona ikifuka mbele yao. Fauka ya hayo, Mkataba wa Minamata, uliotiwa saini Japani mwaka 2013, ukaanza kutumika mwaka 2017, na nchi yetu ikauridhia mwaka 2020, una kifungu mahsusi, cha 7, juu ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Walakini kifungu hakimwambii mtu kwa nini mchimbaji haiachi zebaki. Daftari la karasha lamwambia: zebaki huonyesha dhahabu siku ile ile, mtaji wake ni mdogo, na mwenye karasha, ambaye marudio ni mali yake, hana sababu ya kutamani mteja wake apate njia ya kukamata dhahabu zaidi tangu mwanzo. Hapo pana tasnifu nzima, tena aliyenayo ni mtu mmoja tu katika rundo zima la waombaji.

Akaiondoa, na mahali pake akaweka barafu inayoyeyuka kwenye ncha za dunia, na visiwa vinavyozama, na ile sentensi ambayo nimekwisha kuilalamikia katika safu hii na nitaendelea kuilalamikia mpaka wino uniishie, isemayo kwamba tangu utotoni amekuwa na shauku kubwa ya mazingira. Karani akageuka kuwa “mdau”. Naye hakuyabuni hayo peke yake. Alishauriwa na mmoja wa hao wauzao violezo vya barua katika vibanda vya stesheneri, watu walewale wanaoandika hata barua za wadhamini ili mwalimu apige sahihi tu, kwamba karasha ni aibu mbele ya Wazungu. Hali masharti ya mpango wenyewe yanataka, kwa maneno yaliyo wazi, barua ifungamane na kazi ambayo mwombaji anaifanya sasa. Aliulizwa kazi yake, akajibu hali ya hewa.

Wazee wetu hawakuwa hivyo. Julius Nyerere, kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949 kwa fedha za serikali ya kikoloni, alikuwa mwalimu Tabora, na kwa muda mfupi alifanya kazi ya kukagua bei madukani, akaiacha kwa sababu taarifa zake za bei za ulaghai zilipuuzwa. Alipoketi kusoma uchumi wa siasa alikuwa amekwisha kuuona dukani, ukiwa na jina la mwenye duka. (Na kwa mara nyingine tena: M.A. aliyorudi nayo mwaka 1952 ilikuwa shahada ya kwanza, kwa desturi ya Uskoti. Wanaoiita uzamili waache.) Sisemi kijana wetu ni Nyerere, nasema karani wa karasha na mkagua bei wanafanya kazi moja, na mmoja kati yao hakuionea haya.

Kama atapata ufadhili au atakosa, hukumu yangu haibadiliki, kwa kuwa mtu aweza kushinda kwa barua mbaya. Ila kwa wenziwe wa Nyarugusu na Rwamagasa wanaojiandaa kwa msimu ujao, nasihi yangu ni hii: andikeni karasha, mwalo na marudio kwa majina yake, na anayewauzia kiolezo mrudishieni.