Hukumu ya Njiani

Mchezo wa kuigiza usomwapo darasani hauna wa kuukimbia: mwanafunzi hana budi kuufuata hadi mwisho. Njiani mambo ni mengine. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere, pamoja na mwalimu wao David Cook, walianzisha kundi la kusafiri, wakacheza bure katika miji na vijiji vya Uganda na Kenya. Hawakuchukua Kiingereza peke yake. Walichukua na Kiswahili, Kiganda na lugha nyinginezo, kwani watazamaji walitofautiana kila waliposhuka garini.

Wengi wazisifupo safari hizo hutaja faida waliyopata wanavijiji. Mimi naona kilichofaidi zaidi ni mchezo wenyewe. Asiyetoa kiingilio hafungwi na fedha yake. Akichoka, huenda zake. Uwanjani hapana pazia la kuficha ulegevu, wala taa ya kuipamba sentensi iliyopooza. Neno lililookotwa kamusini huanguka miguuni pa mchezaji. Neno lililo hai humfikia hata mama aliyesimama nyuma na mtoto mgongoni.

Basi tuihukumuje michezo yetu ya Kiswahili? Mingi huchapwa, ikafundishwa, ikatahiniwa, isichezwe hata mara moja. Twachambua dhamira na wahusika, na sikio hatuliulizi. Yafaa kila mchezo, kabla ya kuingia darasani, upakiwe garini na vijana, ukachezwe chini ya mwembe. Utakaowashika watu mpaka mwisho, huo ndio tuuhakiki.