Karantini, Cheti na Nchini: Uhakiki wa Maneno ya Matangazo ya Safari

Istilahi mbovu katika kitabu humchosha msomaji. Katika tangazo la kiserikali humvunjia mtu safari. Jambo hili nililithibitisha katikati ya mwaka 2021, nilipokuwa likizoni nyumbani Mbangala, mkoani Songwe. Dada yangu aishiye Zambia alikuwa avuke mpaka wa Nakonde na Tunduma, tukutane, kisha twende pamoja Unguja. Safari hiyo haikufanyika, na iliyoivunja ni maneno matatu.

Kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa. Machi 2020 wasafiri waliotoka katika nchi zenye maambukizi walitakiwa kukaa karantini siku 14 kwa gharama zao. Mei mwaka huohuo sharti hilo liliondolewa. Mwezi huohuo Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku chache. Mei 2021 likaja sharti la kipimo kilichofanywa ndani ya saa 72. Masharti kubadilika si kosa, maana maradhi nayo yalibadilika. Kosa ni kuyaeleza mambo tofauti kwa neno lilelile.

Neno la kwanza ni karantini. Tangazo tulilolitegemea lilisema kuwa asiye na cheti atawekwa karantini, na atakayekutwa na ugonjwa atawekwa karantini vilevile. Hizo ni dhana mbili. Asili ya neno hilo ni zile siku 40 ambazo merikebu zilingojeshwa huko Venice ili ionekane kama ugonjwa utajitokeza. Karantini, basi, ni ya mtu mzima anayeshukiwa. Mgonjwa aliyethibitika hutengwa. Tena mfugaji wa kwetu hulijua neno hili kwa maana ya tatu: eneo zima kufungwa, ng'ombe asitoke wala asiingie. Baba alipolisikia alielewa kuwa Tunduma imefungwa, akampigia dada simu asiondoke.

Neno la pili ni cheti. Cha kipimo, au cha chanjo? Dada alikuwa na cha pili, akadhani kinatosha. Hadi Machi 2022 ndipo waliokamilisha chanjo waliposamehewa kipimo.

La tatu ni nchini. Tangazo liliwataka wote waingiao nchini waonyeshe cheti. Katiba ya Zanzibar, baada ya marekebisho ya 2010, yaitaja Zanzibar kuwa moja kati ya nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Je, mtu wa Mbangala ashukapo bandarini Unguja aingia nchini? Mwandishi wa tangazo hakujiuliza. Sisi tulijiuliza usiku kucha.

Hatusemi kwamba Kiswahili hakina uwezo. Barakoa, kifuniko cha uso cha wanawake wa mwambao, kilipewa kazi mpya mwaka 2020, na taifa zima likaelewa bila tafsiri.

Twapendekeza hivi: karantini ibaki kwa wanaoshukiwa; kutengwa kuwe kwa wagonjwa; eneo likifungwa, iandikwe kuwa limefungwa. Cheti kisitajwe bila kusema ni cha nini. Mahali pa nchini paandikwe Tanzania Bara, Zanzibar, au zote mbili. Na kabla tangazo halijabandikwa, lisomwe mbele ya mtu asiye mtumishi wa ofisi hiyo, naye aulizwe ameelewa nini.