Nimeiona Majestic kwa Macho Yangu

Nimeiona! Nimesimama Vuga, Unguja, shingo imepinda kama ya mtoto anayetazama ndege ikipita, na mbele yangu ni Majestic yenyewe, sinema niliyoiwaza miaka na miaka nikiwa Kaplong. Naandika haya vumbi la safari lingali viatuni. Nikingoja mpaka kesho moyo utakuwa umetulia, nami sitaki utulie.

Kwanza mjue ninakotoka. Kaplong ni njia panda ya nchi ya chai: huku unaenda Kericho, huku Sotik na Kisii, huku Bomet mpaka Narok. Tuna hospitali ya misheni, tuna shule zenye jina, tuna majani ya chai mpaka macho yachoke kwa ukijani. Jumba la sinema mimi sikukulia nalo. Picha yangu ya kwanza niliitazama uwanja wa mpira, jioni ambayo gari la sinema lilifika na watu wakafunga shuka jeupe kwenye milingoti ya goli. Wachuma chai walikuja na watoto mgongoni, jenereta ikanguruma, mvua ikaanza kunyesha, na hakuna aliyeondoka. Upepo ulipopiga shuka, uso wa mwigizaji ulikunjika kama unalia. Tangu usiku ule napenda picha. Kwamba kuna watu waliwahi kuijengea nyumba yake, nyumba yenye ngazi na roshani na mlango wa fahari, hilo nilikuja kulijua ukubwani.

Hata Nairobi nilizijua sinema kwa majina tu. Makanga anaita Odeon, anaita Globe, anaita Bellevue, abiria wanashuka na mizigo yao, na wengi wao hawajui kwamba wametaja sinema. Picha zilikwisha, jina likabaki kuwa kituo cha matatu! Shan ya Ngara imepata bahati zaidi: leo ni Sarakasi Dome, na wanasarakasi wanaruka pale pale palipokuwa na viti vya watazamaji. Kampala, sinema ya Norman iligeuka kanisa miaka ya 1980, watu wakawa wanaimba humo kila Jumapili. Sasa mnaelewa kwa nini nilipanda basi, kisha basi jingine, kisha boti kutoka Dar es Salaam, kuja kutazama jengo moja tu.

Na jengo lenyewe! Historia yake inaanza kabla yake. Mwaka 1921 mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla alifungua hapa Royal, jumba la picha la kifahari. Hebu fikirieni, 1921! Filamu zilikuwa bado bubu. Mchoro wa Royal ulikuwa wa J. H. Sinclair, Mwingereza aliyekuwa afisa wa serikali na msanifu majengo kwa pamoja, yule yule aliyechora Mahakama Kuu ya hapa Vuga na jumba la makumbusho la Beit el Amani. Mkono wake unautambua kwa mbali: kuba, matao, umbo la Kiarabu lililopitia kwenye kalamu ya Kizungu. Miaka ya 1950 moto ukaiteketeza Royal.

Wangeweza kuirudisha vile vile. Hawakufanya hivyo, na hapa ndipo ninapowapenda! Kazi alipewa Dayalji Pitamber Sachania, msanifu wa hapa hapa Zanzibar, na mwaka 1955 Majestic ikasimama kwa sura ambayo haikumwomba Sinclair ruhusa. Kuba hakuna. Matao hakuna. Ni mtindo wa Art Deco: mistari iliyonyooka inayolipandisha jicho juu, uso mpana mweupe uliotulia, jengo linalotaka kuonekana limetoka kesho. Tembea dakika chache tu kutoka Mahakama Kuu ya 1908 mpaka hapa, utakuwa umevuka karibu nusu karne kwa miguu. Sijui mtaa mwingine wa Afrika Mashariki unaotoa somo la namna hiyo bila kiingilio.

Nimeugusa ukuta. Lazima niliseme hili, maana ndilo nililolifuata. Chokaa imevimba kwa unyevu na chumvi ya bahari, ukiipitishia kidole inadondoka unga, na chini yake kuna rangi ya zamani, na chini ya hiyo kuna nyingine tena. Kila rangi ni enzi. Nilibaki na unga ule kidoleni na sikutaka kuufuta.

Ndani, paa la ukumbi liliporomoka zamani. Nilijua hivyo kabla sijaja, na nilijiandaa kuhuzunika, lakini nilipoinua macho nikaona mawingu ya Unguja yakipita juu ya ukumbi wa sinema na nikasahau huzuni yote. Sakafu inateremka taratibu kuelekea mbele, ili kichwa cha aliyekaa mbele yako kisikuzibie picha. Simama nyuma kabisa utaona jinsi mwili wenyewe unavyotaka kushuka kuelekea pale pazia lilipokuwa. Kisha geuka, tazama juu, tafuta chumba cha mtambo. Sinema za zamani zilikitenga chumba hicho kwa kuta nene na vidirisha vidogo, kwa kuwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 filamu zilitengenezwa kwa nitreti, ambayo ikishika moto hata maji hayaizimi. Kwa hiyo lile tundu dogo linalopitisha mwanga liliwekwa dogo ili moto usipite. Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilinyamaza kitambo kizima.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani karibu na hapo alinijibu shikamoo yangu, akaniuliza nimetoka wapi, na nilipomwambia nimetoka bara, nchi ya chai, akacheka akasema basi nimekuja kuchelewa. Siku ya kuja, aliniambia, ilikuwa Jumapili. Na si yeye peke yake anayelikumbuka hilo, limeandikwa: Jumapili mji mzima ulikwenda picha. Watu wa Mji Mkongwe na watu wa Ng'ambo, Waarabu, Wahindi, Waswahili, Wangazija, baba na mama na watoto, kanzu zimepigwa pasi, mabuibui yamefukizwa udi. Tiketi zikiisha, walanguzi walikuwa nje wanauza za kwao kwa bei ya juu. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, iliwaliza watu wasiojua neno la Kihindi wakati wanaingia, na wakatoka wanaimba nyimbo zake. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Na kwa kuwa mara nyingine nakala ya filamu ilikuwa moja na sinema mbili zilitaka kuionyesha usiku mmoja, kijana alipanda baiskeli na gurudumu la filamu lililokwisha upande huu akalikimbiza upande wa pili kabla watazamaji hawajaanza kupiga miluzi. Baiskeli katika vichochoro vile, usiku! Kwangu mimi kijana huyo ni shujaa sawa na yeyote aliyekuwa kwenye pazia.

Yaliyofuata nayapitisha haraka. Baada ya Mapinduzi ya 1964 sinema ziliingia mikononi mwa serikali. Televisheni ya rangi ilifika Zanzibar mapema, miaka ya 1970, kisha zikaja video, na watu wakabaki majumbani. Sinema ya Empire pale karibu na soko la Darajani ikawa duka. Majestic ikabaki imesimama, na sasa Hifadhi Zanzibar, shirika linaloshughulikia majengo ya Mji Mkongwe, wameikamata kwa mikono miwili wakitaka irudi kuwa nyumba ya picha na sanaa. Kisiwa chenye tamasha la filamu la ZIFF tangu 1998, linaloonyesha picha zake Ngome Kongwe chini ya nyota, hakikosi watazamaji wa kuijaza.

Kama mimi ningeulizwa, ningesema warudishe viti, warudishe mtambo, ila wafikirie sana kabla ya kulifunika anga lote. Mtoto aliyetazama picha yake ya kwanza akinyeshewa uwanjani anajua kwamba paa si lazima.

Wenzangu wa Kericho, wa Bomet, wa Sotik: mkifika Unguja mtapelekwa ufukweni, mtapelekwa kwenye shamba la viungo, mtaonyeshwa milango yenye nakshi. Nendeni kote. Lakini kabla ya yote ulizeni Vuga, ulizeni Majestic, mwambieni yeyote atakayekuwa barazani shikamoo. Unafika kwa miguu kutoka Mnazi Mmoja.