Kipimo Kilichojua Nani Atapona

Desemba 2006, baada ya mvua zilizofurika nyika ya Kaskazini Mashariki mwa Kenya, watu wa wilaya ya Garissa walianza kufa kwa homa na kutokwa damu. Kufikia tarehe 20 vifo 11 vilikuwa vimeripotiwa kwa Wizara ya Afya. Damu ya wagonjwa 19 wa kwanza ilipimwa, na katika sampuli 10 zikaonekana alama za virusi vya homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaowafikia watu kwa mbu au kwa kugusa wanyama wagonjwa: ama vinasaba vya virusi vyenyewe, ama kingamwili za maambukizi mapya. Homa ya manjano, Ebola, homa ya Krimea-Kongo na dengi zilitafutwa zisionekane. Jina la ugonjwa likawa limejulikana.

Likabaki swali la wodini. Daktari wa zamu ana wagonjwa kumi wenye homa ileile, virusi vilevile na macho mekundu yaleyale. Yupi kati yao atakuwa amekufa kesho kutwa, na yupi ataamka aombe chai? Mgonjwa anayeishi Waberi, mjini Garissa, angalau yuko karibu na hospitali. Mchungaji aliyeletwa kutoka malishoni amekwisha kupoteza siku kadhaa njiani. Vitanda, damu ya kuongezwa na wauguzi vina hesabu yake, na kumpa mmoja ni kumnyima mwingine.

Jibu la swali hilo lilitafutwa wakati mlipuko wenyewe ukiendelea, na mwaka 2009 likachapishwa katika jarida la Journal of Clinical Microbiology na M. Kariuki Njenga na wenzake. Kazi hiyo hutajwa mara nyingi kwa sentensi moja: mgonjwa mwenye virusi vingi damuni yuko hatarini kufa. Sentensi hiyo ni kweli. Lakini ukizisoma namba zake kwa utulivu, utaona kipimo walichotumia kuhesabu virusi damuni hakikuwa hodari sana wa kutabiri kifo. Ustadi wake ulikuwa kutambua nani hatakufa. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kitanda apewe nani.

Kwanza, ugumu wa ugonjwa. Wengi wanaoambukizwa hupata homa, maumivu ya viungo na uchovu, kisha hupona. Wachache, takriban 8 kwa kila 100 wa wanaougua, hufikia hali mbaya, na wale wa kutokwa damu ndio walio taabani zaidi. Ini huanza kuharibika siku 2 hadi 4 baada ya homa kushika, damu hufuata, na karibu nusu yao hufa, mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 6. Kwa hiyo daktari ana dirisha la siku mbili hivi. Nairobi iko umbali wa kilomita 370 hivi. Sampuli ikisafirishwa barabara zikiwa zimekatwa na maji, majibu yatakuta mgonjwa amekwenda nyumbani au amezikwa, na kwa Waislamu maziko hayangoji.

Uamuzi wa kwanza wa kitaalamu, basi, ulikuwa kuileta mashine karibu na mgonjwa. Njia ya zamani ya kuhesabu virusi ni kuviotesha katika seli maabarani. Kazi hiyo huchukua siku, na kwa kuwa huhitaji virusi vilivyo hai, hutaka maabara yenye ulinzi mkubwa. Kipimo cha PCR cha papo kwa papo hakihitaji virusi hai. Damu huchanganywa na kemikali inayoviua, kisha mashine hutafuta vinasaba vyake peke yake. Ndiyo maana kiliweza kutumika nyanjani.

Namna kinavyohesabu ataielewa mfugaji yeyote. Chukua makundi mawili ya mbuzi, kila moja likiongezeka maradufu kila msimu. Kundi lililoanza na mbuzi 100 litapita elfu katika msimu wa 4. Lililoanza na mbuzi 2 litasubiri hadi msimu wa 9. Ukiambiwa tu ni msimu gani kundi lilipita elfu, unaweza kukisia lilianza na mbuzi wangapi. PCR hufanya hivyo kwa vinasaba: huvizidisha maradufu mzunguko baada ya mzunguko, na mashine huandika ni mzunguko wa ngapi mwanga wa vinasaba ulipovuka kizingiti. Namba hiyo huitwa CT. CT ndogo maana yake virusi vilikuwa vingi tangu mwanzo. CT kubwa, virusi vilikuwa haba. Tofauti ya mizunguko 10 ni karibu mara elfu moja.

Watafiti hawakuiamini CT hivihivi. Kati ya wagonjwa 430 wa mlipuko huo, 52 walipimwa kwa njia zote mbili, PCR na kuotesha virusi. Ilipoonekana kwamba virusi hai vikizidi, CT hushuka, ndipo namba ya haraka ikapewa ruhusa ya kusimama mahali pa namba ya polepole. Hatua hii ni rahisi kurukwa katika kusoma, lakini bila hiyo mashine ingekuwa inahesabu kitu ambacho hakuna anayejua uhusiano wake na ugonjwa.

Kati ya hao 52 walifariki 18, yaani asilimia 34.6. Waliofariki walikuwa na wastani wa virusi 10 kwa kipeo cha 5.2 katika kila mililita ya damu. Waliopona, 10 kwa kipeo cha 2.9. Kwa hesabu ya kawaida ni kama 158,000 dhidi ya 800, karibu mara 200. Mstari ukachorwa kwenye CT ya 27.0, ambayo ni sawa na chembe 21,000 hivi za vinasaba kwa mililita. Chini ya mstari huo, waliofariki walikuwa asilimia 50. Kwenye mstari huo na juu yake, asilimia 4.5.

Hapa ndipo msomaji anapaswa kupunguza mwendo. Asilimia 50 ni sarafu iliyorushwa hewani. Daktari anayeambiwa "CT ya mgonjwa huyu ni 22" hajaambiwa kwamba mgonjwa atakufa. Ameambiwa kwamba hajulikani. Kati ya kila wagonjwa 100 ambao hatimaye walipona, 42 hivi walikuwa wameangukia upande wa hatari. Lakini geuza karatasi. Aliye juu ya mstari ana nafasi ya zaidi ya 95 kwa 100 ya kupona, na mstari huo uliwanasa karibu 94 kwa kila 100 wa waliokufa. Ni chujio. Kazi ya chujio ni kuruhusu kipite kisicho na shaka, na kinachonaswa ndicho cha kushughulikiwa kwa mkono.

Hatari ya kukisoma kipimo hiki kinyumenyume si ya kubuni. Katika wodi iliyojaa, namba inayosomwa kama hukumu huweza kumfanya mgonjwa aachwe. Mhudumu akishaamini kwamba huyu amekwisha, dripu hucheleweshwa, damu hupewa mwingine, na kifo kikitokea huonekana kama kimethibitisha utabiri. Namba ileile ikisomwa kama chujio hufanya kazi tofauti: huwatoa wale wa juu ya mstari kwenye foleni ya vitanda vya uangalizi, na kuwaachia nafasi walio chini yake.

Namba peke yake haikutosha, na haikuachwa peke yake. Mwaka 2010, kazi nyingine kuhusu wagonjwa wa mlipuko huohuo ilichora picha ya kitandani: kwanza homa, maumivu ya viungo vikubwa na shida za tumbo; kisha macho kuwa ya manjano, maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, kuweweseka, na mara nyingi damu kuanza kutoka wakati huohuo. Muuguzi asiye na mashine anaweza kuifuata picha hiyo kwa macho na mikono. Maumivu chini ya mbavu za kulia ni ini linalolalamika, na humtahadharisha mhudumu bila umeme wala kemikali.

Sasa udhaifu. Kwanza, siku ya ugonjwa. Virusi huwa vingi mwanzoni na hupungua kingamwili zinapoingia kazini. Mgonjwa aliyefika siku ya 2 na aliyefika siku ya 7 wanaweza kuwa na CT tofauti kabisa bila mmoja kuwa na nafuu kuliko mwingine. Tena, uvimbe wa ubongo unaoletwa na homa hii huweza kuja wiki 1 hadi 4 baadaye, virusi vikiwa vimekwisha kupungua damuni. Aliye juu ya mstari leo hajapewa cheti cha afya.

Pili, mstari unaochorwa kwa wagonjwa fulani huwakaa vizuri wagonjwa haohao, kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha mwili wa mtu. Sharti ivaliwe na mwingine ndipo ijulikane kama inafaa. CT nayo hutegemea mashine, kemikali na namna sampuli ilivyoandaliwa, kwa hiyo 27.0 ya maabara moja si lazima iwe 27.0 ya maabara nyingine. Wagonjwa 52 ni mwanzo mzuri, lakini ni mwanzo.

Tatu, nani aliyefika hospitalini. Uchunguzi wa jumla wa mlipuko huo, uliochapishwa 2010, ulihesabu washukiwa 700. Kati yao 392 walitimiza vigezo vya ugonjwa, na katika 340 ambao taarifa zao zilipatikana, 90 walikufa, asilimia 26 hivi. Ukisikia namba hiyo redioni utadhani kila mtu wa nne anayeumwa na mbu wa mafuriko anakufa. Uchunguzi huohuo ulipopima damu za watu vijijini ulikuta hadi asilimia 13 ya wakazi wa maeneo yaliyoathirika sana wameambukizwa, na ukakadiria hadi watu 180,000 walioambukizwa wakaugua kidogo au wasiugue kabisa. Mlipuko wa 1997–98 nao ulikadiriwa kuwaambukiza watu 27,500 katika wilaya ya Garissa pekee. Hospitali huona ncha tu ya jambo. Kipimo kilichojaribiwa kwa waliolazwa hakipaswi kupelekwa kijijini kuwatisha wazima.

Udhaifu wa nne ndio mzito zaidi, na si kosa la watafiti. Kujua nani yuko hatarini si kujua afanyiwe nini. Waandishi walitaka wagonjwa wa hatari watambuliwe mapema ili wapewe tiba kali zaidi. Lakini hakuna dawa iliyothibitishwa kuviua virusi hivi ndani ya mwili wa binadamu. Tiba ni kuubeba mwili: maji, damu, hewa, figo. Na Afrika Mashariki imejifunza kwa gharama kubwa kwamba tiba kali si lazima iwe tiba bora. Jaribio la FEAST, lililoongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi na kufanywa katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, liliwagawa kwa bahati nasibu watoto 3,141 waliokuwa na homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu. Waliomiminiwa maji mengi ya mshipa kwa haraka walikufa 10.6 na 10.5 kwa kila 100 ndani ya saa 48, kulingana na aina ya maji. Wale ambao hawakumiminiwa kwa kasi walikufa 7.3. Jaribio likasimamishwa Januari 2011. Dunia nzima ilikuwa ikiamini kinyume chake.

FEAST haikuhusu homa ya Bonde la Ufa, na matokeo yake hayawezi kubandikwa tu kwa mtu mzima anayetokwa damu Garissa. Funzo lake ni la utaratibu. Chujio la 27.0 lingetumika vizuri zaidi kama mlango wa jaribio: walio chini ya mstari, ambao hatima yao haijulikani, ndio hasa wa kugawanywa kwa haki kati ya namna mbili za kuwahudumia, ili ijulikane ipi inaokoa. Pale ambapo nusu hufa na nusu hupona, ndipo penye nafasi ya tiba kuonyesha tofauti.

Utafiti wa wagonjwa mahututi pia huanza mbali na kitanda. Katika kaya 424 zilizochunguzwa wakati wa mlipuko, kugusa kijusi cha mnyama aliyeharibu mimba kulihusishwa na kupata ugonjwa mkali, uwezekano ukiwa karibu mara 4. Wafugaji Wasomali wana jina lao la ugonjwa huu kwa mifugo, sandik, kwa sababu ya damu ya puani, na waliuona kwa wanyama kabla haujawafikia watu. Swali la kwanza kwa mgonjwa wa homa baada ya mafuriko halihitaji mashine: mifugo yako imeharibu mimba?

Homa hii ilirudi Wajir mwaka 2018, na mvua kubwa zitarudi tena. Zikirudi, karatasi ya majibu ya maabara iwe na vitu viwili vikiwa vimeandikwa kando kwa kando: CT ya mgonjwa, na siku ya ngapi tangu homa ishike. Aliye juu ya 27 aangaliwe na arudi kuonwa baada ya wiki. Aliye chini yake awekwe kitanda kilicho karibu zaidi na muuguzi, kwa sababu nusu ya walioangukia upande huo walipona.