Mgongo wa Picha

Pale Oysterbay, kwenye mabanda ya wachoraji wa Tingatinga, picha haikai. Rangi ikishakauka mgeni hulipa, picha ikafungwa vizuri, ikapanda ndege. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alichora miaka michache tu, tangu 1968 hadi alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, na kazi zake nyingi ziko ughaibuni. Mtoto wa Dar es Salaam anayetaka kuona mkono wake ulivyopita ubaoni aanzie wapi?

Ndiyo maana moyo wangu hufurahi niwaonapo wanafunzi wetu wakiingia pale asubuhi na kamera, rula na daftari, kuzihifadhi picha kwa kumbukumbu kabla hazijaondoka. Rangi ya Tingatinga ni ya mafuta, ile inayong'aa kama baiskeli mpya, nayo huakisi kila kitu: dirisha, taa, hata shati jeupe la mpigapicha. Basi mwanafunzi huvaa nguo nyeusi. Huweka taa mbili, kushoto na kulia, kila moja kwa mshazari wa nyuzi 45, na kando ya ubao kadi ya rangi, ili miaka 30 ijayo mtu ajue bluu ile ilikuwa bluu gani. Kisha anaigeuza picha.

Hapo ndipo penye utamu. Mgongoni kuna bei iliyofutwa kwa penseli, alama za vidole, pengine jina lisilofanana na lile la mbele. Saini ya mbele peke yake haitoshi. Picha nyingi zenye jina la Tingatinga hazikutoka mkononi mwake. Mgongo nao hupigwa picha, kwa uangalifu uleule.

Binti mmoja, mwanafunzi wetu, aliwahi kuandika kwenye fomu ya picha moja: "Wanyama porini." Mzee aliyeichora akainama kusoma.

"Hao si wanyama, mjukuu wangu. Hao mashetani. Hebu hesabu vidole."

Akahesabu. Akaandika maneno ya mzee kama yalivyotamkwa, juu ya yale yake, bila kuyasafisha. Kwangu mimi, mstari ule una thamani kuliko picha yenyewe, maana kamera isingeupata.

Ruhusa huombwa kabla ya yote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 humlinda mchoraji hata baada ya kuuza ubao wake. Na kila faili huwekwa nakala tatu, moja mbali kabisa na nyingine. Anayeona hayo ni mengi akikumbuke kituo cha sanaa cha Paa ya Paa cha Elimo Njau kule Nairobi, kilichoteketea kwa moto mwaka 1997.

Majuzi mzee yuleyule aliomba kuonyeshwa picha yake ya kwanza tuliyoihifadhi. Akaikuza kwa vidole kwenye simu, akafuata nukta moja moja mpaka pembeni.

"Iko wapi sasa hii?"

Binti akafungua taarifa zake. Kisanduku cha mahali ilipo kilikuwa kitupu.

"Andika," mzee akasema, akivuta kigoda. "Alikuja mama mmoja na mwanawe, ilikuwa masika, mvua imetufungia humu ndani..."

Binti akaanza kuandika.