Daktari Asiyeonekana

Nina dai moja ambalo limeshanigombanisha na watu kadhaa, na wacha niliweke mezani mapema: Doctor Who iliyo bora kuliko zote haijawahi kuonyeshwa kwenye televisheni. Iko kwenye michezo ya sauti, ile ambayo mashabiki wengi huiona kama makombo ya karamu. Ukiitaja utaulizwa, "Kwani hiyo si ni redio tu?" Ndiyo, ni redio tu. Na hapo ndipo penye utamu wake.

Kwa asiyekijua, Doctor Who ni kipindi cha BBC kilichoanza Novemba 1963. Msafiri anayeitwa tu Daktari huzunguka katika muda na anga akiwa ndani ya chombo kinachofanana na kibanda cha simu cha polisi wa Uingereza. Akikaribia kufa hubadilika mwili na tabia, ndiyo maana waigizaji wengi wameweza kupokezana nafasi hiyo. Mwaka wa 1989 kipindi kilikatika. Mwaka wa 1996 ikatolewa filamu moja ya televisheni, Paul McGann akiwa Daktari wa nane, nayo haikuzaa kitu. Kisha kampuni ndogo ya Kiingereza, Big Finish, ikapata leseni ya kuendeleza hadithi hizo kwa sauti peke yake. Mchezo wa kwanza, The Sirens of Time, ulitoka Julai 1999 ukiwa na Madaktari watatu wa zamani: Peter Davison, Colin Baker na Sylvester McCoy. McGann alijiunga Januari 2001 katika Storm Warning. Msururu ule wa kila mwezi ulipofungwa Machi 2021, ulikuwa umefikisha michezo 275.

Si yote 275 ni mizuri. Mingine inachosha vibaya sana. Lakini iliyotoka kati ya 2000 na 2004 ina kitu ambacho sijakiona tena, na nadhani sababu yake ni rahisi: hakuna aliyekuwa akitazama. Kipindi kilikuwa kimekufa kwenye televisheni. Hapakuwa na mkubwa wa BBC wa kuogopa kwamba mwandishi ataharibu mali ya shirika. Ni kama nyumba ambayo mwenyewe amehama: walioachiwa funguo walibomoa kuta, wakahamisha jikoni, wakalala walikotaka. (Kuanzia hapa nitafichua mambo. Ambaye hataki kuharibiwa utamu aishie hapa, tutaonana baadaye.)

Chukua The Chimes of Midnight, ulioandikwa na Robert Shearman na kutoka 2002. Daktari na mwenzake Charley, anayeigizwa na India Fisher, wanajikuta katika nyumba ya kitajiri Uingereza, mkesha wa Krismasi wa 1906. Matajiri wenyewe hatuwaoni hata mara moja. Tuko chini, jikoni, kwa watumishi. Kila saa ikigonga mtu mmoja anakufa, na vifo vyenyewe ni vya kichaa: mpishi amesakamwa na chakula cha sikukuu alichokipika mwenyewe, dereva amekanyagwa na gari ndani ya nyumba. Waliobaki wanasema kwa utulivu kwamba bila shaka wenzao wamejiua. Kisha saa inarudi nyuma, wafu wanaamka, na mambo yanaanza upya.

Ukiisimulia hivyo inaonekana kama kichekesho cha kutisha. Lakini katikati yake yuko Edith, msichana wa kuosha vyombo, ambaye amefundishwa kujiona si kitu. Polepole tunagundua kwamba miaka mingi baadaye Edith atakuwa mpishi nyumbani kwa kina Charley, na kwamba mtoto yule wa tajiri ndiye peke yake aliyewahi kumtendea wema. Charley alipaswa kufa katika ajali ya R101, ndege kubwa ya gesi iliyoanguka Ufaransa Oktoba 1930 na kuua watu 48 kati ya 54. Daktari alimwokoa. Lakini Edith alipopata habari kwamba Charley amekufa, alijiua. Sasa je, Charley yu hai au amekufa? Na Edith amejiua kwa sababu gani? Nyumba nzima imenaswa katika swali hilo, na imejipatia uhai kutokana nalo.

Kwetu sisi ambao nyumba nyingi zinaendeshwa na msichana tunayemwita "mboch" akiwa hasikii, mchezo huu haukai Uingereza ya 1906. Unahamia jikoni kwetu. Na sauti ndiyo inayoufanya uume. Kwenye picha, mtumishi ni rahisi kumpuuza, kwa kuwa jicho humkimbilia aliyevaa vizuri. Kwenye sauti, anayesema ndiye aliyeko. Edith akinena, hakuna mwingine chumbani.

Wa pili ni Spare Parts wa Marc Platt, pia wa 2002. Hapa tunaelezwa walikotoka Cybermen, wale watu waliogeuzwa nusu mashine. Televisheni ilikuwa imewatumia tangu 1966 kama askari wa chuma tu. Platt anatupeleka kwenye sayari yao, katika mji ulio chini ya ardhi, baridi, chakula kidogo, watu wanakohoa. Kuna familia ya kawaida, kina Hartley: baba, binti, kijana. Binti, Yvonne, mwenye mapafu mabovu, anaitwa kazini. Anakwenda. Baadaye anarudi nyumbani akiwa amegeuzwa, hajakamilika, na bado anakumbuka njia ya kwao. Baba anamtambua.

Nimeusikiliza mchezo huo mara nne na sijawahi kuimaliza sehemu hiyo nikiwa nafanya kazi nyingine. Kama ungekuwa televisheni, tungekuwa tunaangalia vazi: plastiki, chuma, rangi ya fedha. Hapa kuna sauti tu iliyoharibiwa, na chini yake msichana tuliyemzoea. Sikio linafanya kazi ile ile anayofanya baba, kumtafuta mtoto ndani ya mashine. BBC ilipowarudisha Cybermen 2006, ilimshukuru Platt kwenye majina ya mwisho. Lakini ilichukua wazo na kuacha familia, na familia ndiyo ilikuwa hadithi.

Jubilee (2003), wa Shearman tena, ulipata bahati kama hiyo. Aliombwa aufanye upya kwa televisheni, ukawa kipindi cha "Dalek" cha 2005. Kipindi kizuri, sikatai. Dalek mmoja, mfungwa, anateswa, na tunaanza kumhurumia. Lakini hebu sikiliza asili yake. Daktari wa sita na Evelyn wanafika London ya 2003 ambayo si ile tunayoijua. Madalek walivamia 1903, wakashindwa, na kutokana na ushindi huo ikazaliwa Dola ya Kiingereza inayotawala kwa mkono wa chuma. Sasa wanaadhimisha miaka mia moja. Madalek wamekuwa vitu vya kuchezea na filamu za kuchekesha, na yule mmoja aliyebaki amefungwa katika Mnara wa London ili auawe siku ya sherehe, watu washangilie.

Ni tamthilia kuhusu taifa linalogeuza ukatili wake kuwa gwaride. Televisheni ilimchukua mfungwa ikaiacha dola. Kama msikilizaji wa Kenya naona huo ndio upunguzaji uliouma zaidi. Nchi iliyotawaliwa na Waingereza hadi 1963, ikafundishwa kuimba kuhusu mfalme na malkia wa watu wengine, haihitaji kuelezwa mzaha wa Shearman. Anachouliza ni hiki: ukimshinda mnyama kisha ukajenga ufalme kwa mbinu zake, nani alishinda?

Na tusimpite Colin Baker. Televisheni ilimfukuza 1986 baada ya muda mfupi, na kwa miaka watu wakakumbuka koti lake tu, lenye rangi zote kama kibanda cha mitumba. Kwenye sauti koti halionekani! Kinachobaki ni mwigizaji mwenye sauti nzito, ya madaha, inayoweza kulainika ghafla. Wakampa mwenzake Evelyn Smythe, mhadhiri wa historia mwenye miaka 55, mpenda keki ya chokoleti, mwenye moyo mgonjwa, akiigizwa na Maggie Stables kuanzia 2000. Televisheni ilikuwa imezoea wasichana wa kupiga mayowe na kuteguka vifundo. Evelyn hapigi mayowe. Anamkaripia Daktari kama shangazi anavyomkaripia mpwa aliyesoma sana, na Daktari anasikia. Wazo kwamba mama wa umri huo anaweza kuwa shujaa wa safari za angani lilitoka kwenye CD ambazo hazikuuzwa kwa kila mtu.

Ambaye bado anadhani haya yote yangewezekana kwenye skrini, ajaribu Scherzo, wa Desemba 2003. Waigizaji ni wawili tu: McGann na Fisher. Wameingia ulimwengu usio na muda, hawaoni chochote, wanatembea wameshikana mikono hadi mikono inaanza kuungana. Kuna kiumbe anayewafuata, naye ameumbwa kwa sauti. Anajifunza kusema kwa kutumia sauti zao wenyewe. Fikiria umevaa spika za masikioni usiku, taa zimezimwa, halafu hujui kama anayeongea ni Charley au ni kile kitu. Hakuna kamera ya kukuokoa. Wengine huuchukia mchezo huu, wanasema ni wawili tu wakibishana gizani kuhusu mapenzi. Ni kweli, na ubishi huo ndio hadithi yenyewe.

Sasa lawama, maana shabiki asiyelaumu ni mpiga debe. Ugonjwa wa kwanza wa michezo ya sauti ni mhusika anayetueleza anachokiona: jamani tazameni, mlango unafunguka, na ana bunduki! Hakuna mtu anayeongea hivyo akikimbizwa. Mwandishi mzuri huuacha mlango ulie wenyewe. Wa pili ni vita. Milipuko ya dakika tano bila picha ni kelele tu.

Wa tatu ndio mkubwa: kukumbuka kwingi. Televisheni ilirejea 2005 na mwenye nyumba akarudi na orodha ya vitu vyake. Baadaye Big Finish ilipata ruhusa ya kuwatumia wahusika wa kipindi kipya pia, na tangu hapo mikusanyiko mingi imekuwa ya kukutanisha nyuso: Daktari huyu na adui yule, ambao hawakuwahi kukutana. Mwaka wa 2016 walitoa Fallen Angels, ambamo Daktari wa tano anakabiliana na Weeping Angels. Hao ni sanamu zinazosogea pale tu usipozitazama. Kimya, za kuonekana. Ukiwaweka kwenye mchezo wa sauti ni kama kumwalika bubu kuongoza taarabu. Dalek, kwa upande mwingine, aliumbwa kwa ajili ya sikio: Nicholas Briggs hupitisha sauti yake kwenye kifaa kinachoikwaruza, na neno moja tu linakutoa jasho. Lakini siku hizi nani aletwe hupimwa kwa jina, na sikio huulizwa baadaye.

Utanipinga kwamba baada ya 2005 bado kulikuwa na ujasiri, na utanitajia Lucie Miller, msichana mwenye mdomo mkali aliyeigizwa na Sheridan Smith kuanzia mkesha wa mwaka mpya wa 2007. Nakubali. To the Death, wa Machi 2011, unamuua, na haumuui peke yake, na haumrudishi kwa hila ya sayansi. Lakini ona ni Daktari wa nani: McGann, aliyekuwa na saa moja na nusu tu ya televisheni. Hakuwa mali ya mtu. Mfano huo unalisaidia dai langu. Ujasiri ulibaki pale ambapo mwenye nyumba hakuangalia.

Kwa hiyo anza na The Chimes of Midnight, lakini utangulize Storm Warning ili umjue Charley. Fuatisha Spare Parts na Jubilee. Scherzo uache hadi uwe umewazoea.

Halafu tuulizane sisi wenyewe. Hii ni nchi iliyosikiliza michezo ya redio kwa Kiswahili miaka na mikaka, na ngano kabla ya hapo, bila kudai picha. Tunalo hata andiko la kuanzia. Katika Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka 1995, Dzombo anahukumiwa kifo, anafungiwa ndani ya chombo na kurushwa angani, na anafika sayari nyingine ambako anaona jinsi jamii inavyoweza kuishi bila unyonyaji. Mwandishi mwenyewe aliwahi kuwekwa kizuizini na serikali miaka ya themanini, kwa hiyo anajua mlango unaofungwa kwa nje una mlio gani. Mtihani wa shule umeifanya riwaya hiyo iwe ya kukariri maudhui na tamathali. Mpe mhandisi wa sauti na waigizaji sita wanaojua Kiswahili cha Pwani: mlango wa chuma, pumzi ya mtu mmoja, injini isiyozimika. Bajeti yake haizidi ya harusi ya kawaida. Na kwa kuwa hakuna mkubwa yeyote anayetazama upande huo, huu ndio wakati wa kuifanya.